Tembe Ndani ya Nyumba ya Upepo

Kilima Cheusi, Bahi
4 Septemba 1912

Mpwa wangu Seth,

Mbukwa, mwana wa dada. Pokea salamu hizi pamoja na vumbi lake, maana huku siku hizi hata salamu zina vumbi. Mimi mzima. Kama watu wa garimoshi wamekuambia Matonya amekonda, ni kweli, lakini simba naye hukonda mwezi wa tisa, wala hakuna anayemwita swala.

Umeuliza nafanya kazi gani. Kaa chini kwanza. Wewe unabeba kuni kwenye stesheni ya Morogoro, sawa, ni kazi. Mimi mjomba wako natunza upepo.

Usicheke. Bwana Lemke alipokuja kutafuta makaa ya mawe ili garimoshi lenu lipate chakula cha kwao, alichimba shimo hapa mlimani. Shimo gani! Tulikuwa tukitupa jiwe asubuhi, tunakwenda kula, tunarudi, ndipo tunalisikia likilia huko chini. Watu waliokuwa wakichimba wakakosa pumzi. Bwana akasema, shimo hili lijengewe pua. Pua yenyewe ndiyo nyumba ninayoilinda.

Kuta zake ni mawe ya mlima huu huu, nene hata nikinyoosha mkono dirishani vidole havifiki nje. Madirisha yana upinde kwa juu kama ya kanisa, ila hayana kioo. Juu ya mlango wamechonga mwaka, 1910, kwa tarakimu ambazo hata mtu wa Kilimatinde akiwa na macho mazuri angezisoma. Ndani kuna pangaboi la chuma, pana kuliko zizi la mbuzi. Bwana alipofunga kazi alichukua injini, akachukua mtungi wa mvuke, akachukua hata misumari ukutani. Pangaboi likamshinda. Walilileta kwanza, ndipo wakajenga kuta kulizunguka, sasa mlango hautoshi kulitoa. Limebaki mle kama bibi kizee aliyesahauliwa na wanawe. Nyuma yake kuna handaki la matofali, linateremka mpaka kinywani mwa shimo. Juu ya paa kuna bomba limepanuka kama tarumbeta. Humo ndimo upepo mchafu ulimokuwa ukitapikwa.

Lakini ajabu yenyewe ni milango. Kutoka nje mpaka kwenye handaki kuna milango miwili ya mbao nzito, na katikati yake chumba. Sheria ya Bwana ilikuwa hii: wa pili usifunguliwe kabla wa kwanza haujafungwa. Ukifungua yote pamoja upepo unapotea njia. Fundi mmoja alijisahau akafungua yote, kofia yake ikaondoka kichwani, tukaja kuiokota Manyoni.

Mimi naishi katika chumba hicho cha katikati. Huko nje jua linapasua mawe, humu ni baridi kama mtungini. Na mlango wa nje, mwanangu, anapita mtu aliyembeba mwenzake mabegani! Babu zako wote wameingia kwenye tembe zao za udongo, zenye milango mifupi, wameinama kama watu wanaoomba radhi. Mimi ndiye Mgogo wa kwanza kuingia nyumbani kwake wima.

Makaa hayakupatikana. Lilitoka jiwe jeusi linalofuka moshi bila kuwaka, ndiyo maana bado mnabeba kuni. Bwana amesema atarudi, nami nilinde mpaka siku hiyo. Tembe langu nimewaachia mchwa, nao wanahitaji mahali pa kukaa. Mke wangu amekwenda kwao kupumzika. Anapumzika tangu mwaka jana.

Mjomba wako,
Matonya, Mtunza Upepo


Morogoro
21 Septemba 1912

Mjomba, shikamoo.

Barua yako niliwasomea wenzangu tulipokuwa tumekaa juu ya magogo tukingoja gari la kutoka pwani. Walicheka mpaka msimamizi akaja kuuliza kuna nini. Mimi pia nilicheka, halafu nikamkumbuka mama, kicheko kikanikauka mdomoni.

Mtu wa Bahi aliyepita hapa ameniambia dari la tembe letu limeanguka upande wa jikoni. Boriti zimeliwa na mchwa. Uwele uliobaki ghalani ni makapi, na mama anakula mlenda mtupu bila ugali. Analala nje ya ukuta, fisi wanapita. Nimeomba ruhusa nije nimjengee. Bwana wa stesheni amesema anayeondoka asirudi. Nikija bila kazi tutakuwa watu wawili wenye njaa badala ya mmoja.

Mjomba, barua zako mimi huzipunguza, kama mtu anavyochota chumvi iliyozidi mbogani. Lakini kama nyumba hiyo ipo, hata kama unene wa ukuta ni nusu ya ulivyosema, nakuomba umchukue mama akae kwako mpaka mvua. Ni dada yako mkubwa, yeye ndiye aliyekubeba mgongoni. Hana mwingine karibu, nami niko mbali, na mikono yangu imejaa vibanzi vya kuni hata kuandika kunauma.

Mpwa wako,
Seth


Kilima Cheusi
18 Oktoba 1912

Mpwa wangu,

Mama yako yuko kwangu. Nilikwenda kumchukua siku ile ile barua ilipofika. Nilimbeba yeye, nikabeba mtungi wake, kinu chake, mbuzi wake mmoja na kuku wake, na njiani simba wawili wakatupisha. (Mama yako anasema alitembea kwa miguu yake na walikuwa mbweha. Yeye alikuwa mgongoni, angeonaje?)

Sasa sikiliza matatizo ya watu wasiozoea makuu. Siku ya kwanza alisimama katikati ya chumba akatazama juu, akatazama tena, akasema, “Matonya, dari liko wapi?” Nikamwambia lile kule, bati lile. Akasema, “Lile ni la ndege.” Akajilaza, hakulala. Usiku wa pili hakulala. Anasema nyumba ndefu hivi, roho ya mtu ikitoka ndotoni kutembea haijui irudi wapi. Anasema mtu alale kwenye ngozi, chini, na dari liwe karibu, anuse udongo wake, ndipo ajue yuko kwake. Macho yamekuwa mekundu kama pilipili. Nikaona huyu atanifia kwa kukosa usingizi kabla ya njaa.

Basi mjomba wako akafanya jambo ambalo Wajerumani wote na vyuo vyao hawakuliwaza. Nimejenga tembe ndani ya nyumba ya upepo! Humo humo kati ya milango. Fito nimekata bondeni, udongo nimekanda na samadi, dari tambarare linalonifika hapa kifuani, na kimlango cha kutambaa. Nimelikandika vizuri hata mwanga hauingii. Boriti ndizo zilinisumbua, kwa kuwa miti yote ya karibu mchwa wamekwisha kuila. Nikatazama huku, nikatazama huku, nikauona mlango wa pili. Mbao nene, hazijaguswa, hazina kazi. Pangaboi halizunguki, upepo wa nani tena wa kufungiwa? Nikaung'oa, nikazikata mbao kwa kipimo, dari likapanda. Watu wametoka Bahi kuja kutazama. Mzee mmoja alizunguka nyumba mara tatu akasema, “Matonya, hii ni kama mbuzi aliyemeza mbuzi.”

Mama yako analala sasa. Analala sana hata, mpaka jua linapanda namwita mara mbili. Anasema kichwa kinamgonga akiamka, nikamwambia ni usingizi wa siku nyingi unatoka.

Halafu kuna kichekesho. Koroboi yangu ina adabu. Naiweka sakafuni ndani ya tembe, mafuta yapo, upepo haupo, nayo inajizima yenyewe pole pole kama mtu anayefumba macho. Nimemwambia mama yako nyumba hii huninong'onezea siri zake usiku na haitaki mwanga. Amekubali. Kuku wake mmoja alilala humo akafa bila kelele. Uzee.

Wasalimie hao wanaocheka.

Matonya, Mtunza Upepo na Mjenzi


Morogoro
2 Novemba 1912

Mjomba, shikamoo.

Tafadhali isome hii ukiwa nje ya nyumba, na mama awe nje pamoja nawe.

Nilisoma barua yako kwa sauti kama kawaida. Walipocheka kwa ile koroboi, kuna mmoja hakucheka. Ni Zaidi, mtu wa Kondoa, tunabeba naye. Yeye alifanya kazi kwenye mgodi wa dhahabu kule Iramba. Akanishika mkono akasema, “Rudia hapo penye taa.” Nikarudia. Akasema, “Na kuku?” Nikarudia. Akaniuliza, “Mama yako analala chini au kitandani?” Nikasema chini, kwenye ngozi. Akaacha hata kutafuna tumbaku.

Anasema shimo lililoachwa lina hewa iliyokufa. Haina harufu, haina rangi. Ni nzito, inatambaa chini kama maji, inajaa mahali palipofungwa. Milango ile miwili iliwekwa kutenganisha watu na shimo. Mmoja umeung'oa, na mahali pa mlango umejenga chungu, na ndani ya chungu umemlaza mama. Anasema taa ikijizima pasipo upepo mtu asiulize sababu, atoke. Kule Iramba walikuwa na wenzao wawili ambao waliuliza.

Mjomba, toeni kila kitu leo. Hata akilala nje na fisi. Urudishe mlango. Nakupigia magoti.

Seth


Kilima Cheusi
20 Novemba 1912

Mpwa wangu,

Barua yako imenifika na imenichosha.

Nani huyu Zaidi? Mimi nimekaa na nyumba hii tangu jiwe la kwanza. Nilikuwa nikishika kamba walipopima kuta. Leo mtu wa Kondoa aliyekalia magogo Morogoro anifundishe pumzi za nyumba yangu? Mbona mimi si maiti? Au barua hii imeandikwa na marehemu?

Lakini kwa kuwa wewe ni mwana wa dada na una hofu kama mama yako alivyokuwa na hofu ya nyoka, nimetundika ngozi ya ng'ombe mahali pa mlango wa pili. Mlango wenyewe haurudi. Mbao nimezikata kwa kipimo cha dari, nimekwisha kukuambia. Mwalimu Bartolomayo wa kanisa la Bahi alipita, akamsomea mama yako barua yako yote, neno kwa neno, jambo ambalo sikumwomba. Mama yako akasikiliza akasema, “Seth ana akili.” Halafu akaingia kulala.

Unasema tutoke. Tutoke twende wapi, Seth? Tembe lenu limeanguka. Langu, nilikuandikia nimewaachia mchwa. Sasa wamefika chumbani, na ukuta wa mashariki uko chini. Karani wa stesheni ya Dodoma amesema Bwana Lemke alipanda meli kwenda kwao mwaka jana na viatu vyake vyote. Mimi nilijua. Nilikuwa nangoja tu. Mtu hawezi kuacha kungoja ghafla, miguu inauma.

Basi, yamekwisha hayo. Nikupe habari kubwa ambayo Wazungu hawaijui. Nyumba hii inatabiri mvua! Siku nyingine inavuta pumzi ndani; utando wa buibui mlangoni unaelekea shimoni, na ile ngozi inabonyea huko. Siku nyingine inatoa. Juzi ilitoa pumzi, ngozi ikafura kuja kwetu kama tumbo la mbuzi mwenye mimba, na kabla ya jioni manyunyu yakapiga milima ya Manyoni, tuliyaona kwa macho. Wiki iliyopita vile vile. Nimetangaza Bahi kwamba Matonya sasa anajua mvua kabla ya mawingu. Wamecheka. Wameniuliza kama ile kofia ya fundi imerudi kutoka Manyoni.

Mama yako peke yake hakucheka. Tangu tukichunga mbuzi, kila nilichosema alikiamini. Niliwahi kumwambia nimemwona kobe akiruka juu ya korongo, akakaa pale kutwa nzima kumngoja aruke tena. Ameninyooshea kidole, akasema, “Siku ngozi ikifura sana, uniambie, nichukue mbegu.” Anazo bado, uwele kidogo, amezifunga kwenye kona ya kaniki. Hazili. Njaa yote hii hazili.

Mjomba wako,
Matonya


Morogoro
7 Desemba 1912

Mjomba, shikamoo.

Nilimsomea Zaidi habari yako ya ngozi. Amesema hapo umesema kweli tupu. Mvua ikikaribia hewa ya juu inalegea, na shimo linatoa yote lililo nayo. Amesema kadiri mvua ilivyo kubwa, ndivyo linavyotapika.

Kwa hiyo, mjomba, yale manyunyu ya Manyoni hayakuwa kitu. Mvua yenyewe ikija, hiyo ndiyo siku yake.

Leo mchana mawingu yamepita hapa juu ya Uluguru yakielekea kwenu. Meusi, mazito. Watu wote stesheni walitoka wakapiga vigelegele. Wenye ndugu Ugogo walikumbatiana. Mimi peke yangu nilikaa nyuma ya magogo nikiomba yachelewe. Sijui kama kuna Mgogo mwingine aliyewahi kuomba hivyo. Mungu anisamehe, na nyinyi mnisamehe, na mashamba yote.

Nimempa barua hii mtia kuni wa garimoshi aishushe Bahi kwa mkono wake. Mtoe mama.

Seth


Kilima Cheusi
14 Desemba 1912

Mpwa wangu Seth, mwana wa dada yangu,

MVUA IMENYESHA. Imenyesha tarehe nane, ikanyesha tisa, na jana imerudi kuchukua ilichosahau. Barua yako imefika imelowa, nimeianika juu ya jiwe. Ilikuta mambo yamekwisha.

Sikiliza basi, na huyo Zaidi asikilize. Mchana wa tarehe nane nilikuwa nje nikitazama mbingu, kama ilivyo kazi yangu. Nikaona ngozi imefura. Haikufura kidogo, mwanangu, ilikata kamba! Nikajua. Mama yako alikuwa amelala ndani ya tembe. Niliingia wima mpaka kimlango, nikatambaa, nikakuta hewa iliyokufa imejaa mpaka hapa kifuani. Ilinikamata koo kama askari. Nikaikamata na yenyewe. Tukapigana. Mkono mmoja nikamshika dada yangu, mkono wa pili mbuzi, meno nikaushika mtungi, nikatoka nao wote, nikawaweka mvuani. Mvua ilikuwa imengoja nitoke ndipo ianze.

Mama yako mzima. Anapanda. Nilimkuta leo alfajiri tayari yuko shambani.

Mimi nimepumzika siku hizi chache. Vifundo vya miguu vinauma kidogo, na mgongo wote umechubuka toka mabegani mpaka kiunoni, na kisogo pia. Mapigano, kama nilivyokuambia. Kichwa bado kinagonga. Sauti yangu imepungua, ndiyo maana barua ni fupi.

Usiwaze tena.

Mjomba wako aliyemwokoa mama yako,
Matonya


Bahi, kanisani
15 Desemba 1912

Seth mwanangu,

Huyu ni mimi mama yako, nasema, na mwalimu Bartolomayo anaandika. Amenishikia Biblia kwamba hatasema.

Barua ya mjomba wako ameipeleka stesheni jana. Alinisomea akiwa anatembea huku na huku. Nataka ujue ilivyokuwa, halafu nataka uiamini ile yake.

Siku ile mchana tulikuwa ndani wote. Nikaiona ngozi imefura. Nikasema, “Matonya, ulisema. Imefura. Tukapande.” Akacheka akiwa amelala chali. Akasema, “Dada, yale nilikuwa nayasema tu. Umri huu wote bado hujanijua?” Nikamwambia mimi nakwenda. Nikafungua kona ya kaniki, nikachukua jembe. Mbingu ilikuwa nyeupe kabisa, hata wingu la kufunika mkono hakuna. Watu wa ng'ambo ya korongo waliponiona nalima vumbi walinipigia kelele, “Mama Seth, umerukwa na akili!” Nikawaambia mdogo wangu amesema inakuja.

Nikachimba mstari mmoja. Nilipoinua kichwa upande wa Dodoma kulikuwa kumeshatanda weusi. Nikamwita, “Matonya, njoo uone, hukusema uongo!” Nikaita tena. Yeye mtu wa maneno, Seth, yeye hawezi kuitwa akanyamaza. Nikakumbuka yaliyosomwa kwenye barua yako.

Nikarudi mbio. Ndani ya tembe jiko lilikuwa limezimika, makaa yamekuwa meusi huku kuni zipo. Nilibana pumzi kama mtu anayetoa asali mzingani. Dari lile lilikuwa chini mno, sikuweza kumwinua. Nilimshika vifundo vya miguu nikamburuta, yeye chali, kichwa kikigonga kila jiwe la Bwana Lemke. Nilitoka kuvuta pumzi, nikarudi, nikamburuta tena. Yule ndiye mtoto niliyembeba mgongoni. Sikujua amekuwa mzito hivyo, maana naye hali chochote. Chakula anachokileta huniwekea mimi, anasema ameshakula kwa rafiki zake. Hana rafiki.

Mvua ilimpiga usoni. Alikohoa, akatapika, akafungua macho. Neno lake la kwanza, “Nani ameona?”

Nikasema hakuna mtu.

Akajifuta mdomo. Mvua inatupiga. Halafu akasema taratibu, “Basi ni mimi niliyekutoa wewe.”

Nikamwambia, “Ndiyo, Matonya. Umenitoa.”

Halafu akalia, lakini mvua ilikuwa nyingi, kwa hiyo hilo pia hakuna aliyeona.

Mwanangu, usimpunguze mara hii. Watu wote walimcheka juu ya mvua, naye mwenyewe alijicheka, na ilikuja. Mimi nipo kwa sababu alisema. Mjibu kwa heshima.

Mama yako,
Anyesi


Morogoro
28 Desemba 1912

Mjomba, shikamoo.

Barua yako nimeipata. Niliwasomea wote juu ya magogo, na mara hii hakucheka mtu. Zaidi amevua kofia. Amesema katika migodi yote aliyopita hajasikia mtu aliyeingia kwenye hewa ile akatoka na mama, mbuzi na mtungi.

Asante kwa kumwokoa mama. Sina mwingine, nawe unajua. Mgongo wako upakwe mafuta. Nimetuma kidogo ndani ya chupa, mtia kuni atakushushia.

Bwana wa stesheni ameniruhusu mwezi wa tano, wakati wa mavuno.

Mpwa wako anayekuheshimu,
Seth


Bahi
19 Januari 1913

Mpwa wangu Seth,

Mafuta yamefika. Ni mazuri, ingawa mimi niliwahi kupaka mafuta ya simba na haya hayafiki huko.

Barua yako nimeisoma mara nyingi kuliko inavyostahili barua fupi. Kuna mahali nimepatazama sana. Huulizi chochote. Wewe ambaye kila barua huniuliza, na kunipunguza, na kuniletea Zaidi, mara hii unashukuru tu. Nilimsomea mama yako. Alikuwa anapepeta, hakuinua macho. Akasema, “Kijana ana adabu.” Basi.

Nyumba ya upepo tumeiacha. Mlango wa nje nimeufunga, nimejaza mawe mpaka juu kwenye ule mwaka wao, na madirisha nimeyaziba kwa miiba, mbuzi wasiingie. Ilikuwa nyumba nzuri. Pangaboi liko humo peke yake. Upepo ukiwa mkali linajigeuza kidogo, nalisikia nikipita. Simlindii mtu tena.

Mbao za mlango wa pili nilizitoa kabla sijafunga, nikizibeba moja moja na kutoka kila mara kuvuta pumzi. Tumejenga nazo tembe jipya hapa chini, kando ya shamba la mama yako. Uwele umefika kiunoni. Mstari wa kwanza, ule alioupanda kwenye vumbi, umewazidi wenzake kwa kichwa kizima, na watu wa ng'ambo wanakuja kuutazama bila kusema kitu. Mimi nami siwaambii kitu. Sauti bado haijarudi vizuri.

Utakuja wakati wa mavuno, utaona. Ni tembe la kawaida, la udongo, lakini mlango wake mama yako ameupima mwenyewe, na nakuambia katika Ugogo yote hakuna mlango mfupi kama huu. Ni mfupi kupita kiasi. Mimi huinama kila siku, asubuhi na jioni. Hata Kaizari akija hapa, mpwa wangu, na kofia yake yote, atainama.

Mjomba wako,
Matonya